Kabla ya kukopa ununue lenzi ya masafa marefu, pima umbali, mwanga na mzigo

Na MWANDISHI WETU

MPWA wangu, ambaye kwa miaka saba sasa amekuwa dereva na kiongozi wa watalii katika Maasai Mara, alinijia nyumbani Jumapili moja akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Karatasi hiyo ilikuwa na bei ya lenzi ya kamera ya milimita 600, pamoja na hesabu ya mkopo aliokusudia kuuchukua katika Sacco ili ainunue.

“Mjomba, wewe ndiwe huchagua picha za gazeti. Nikiwa na lenzi hii, picha zangu zitanunuliwa?” akaniuliza.

Sikumjibu papo hapo. Mkopo wenyewe ungemchukua miaka minne kuulipa, na miongoni mwa wadhamini aliowaorodhesha alikuwapo mamake, ambaye ni dada yangu.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimeketi katika dawati la uhariri nikipokea picha za wanyamapori. Picha ninazozikataa ni nyingi kuliko zile ninazozipitisha, lakini ni nadra sana kuikataa picha eti kwa kuwa lenzi ilikuwa fupi. Baadhi zina ukungu uliotokana na mkono kutikisika. Nyingine zilipigwa adhuhuri, hewa ikichemka juu ya nyasi. Nyingine nazo, mpigaji alimkaribia mnyama mno hivi kwamba mnyama aliacha shughuli zake akabaki kumkodolea macho.

Makala haya ni jibu nililompa kijana huyo, na huenda likawafaa wengine wengi wanaotamani kuanza kazi hii. Kwa ufupi, urefu wa lenzi, ambao ndio wanunuzi wengi hutanguliza, wafaa kuwa swali la mwisho. Kabla yake kuna maswali matatu: Je, mnyama unayemtaka husimama umbali gani? Utampiga picha kukiwa na mwanga kiasi gani? Na lenzi hiyo utaishikilia ukiwa wapi?

MILIMITA HUPIMA NINI

Nambari inayoandikwa kwenye lenzi, kama vile 50, 300 au 600, ni urefu wake wa kioptiki kwa milimita. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyotazama sehemu finyu zaidi ya mandhari na kuikuza ijaze picha.

Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, yaani kile chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya takriban nyuzi 46. Ile ya 400 huona nyuzi sita hivi, na ya 600 huona nyuzi nne tu. Ni sawa na kuchungulia uwanja mzima wa kandanda kupitia tundu la ufunguo.

Si lazima mtu awe mtaalamu ili ajue lenzi ipi itamfaa. Chukua 36, igawe kwa urefu wa lenzi, kisha uzidishe jibu kwa umbali wa mnyama katika mita. Utapata upana wa eneo litakaloonekana pichani.

Mathalani, mnyama akiwa umbali wa mita 30 na lenzi ikiwa ya 600, upana utakuwa mita 1.8 na kimo mita 1.2. Simba jike aliyejilaza ubavu karibu atajaza picha yote, na hilo ni jambo zuri.

Lakini mwelekezee ndovu dume lenzi iyo hiyo katika umbali uo huo. Ndovu dume hufikia mita tatu na zaidi begani, kwa hivyo utakachopata ni jicho na kipande cha sikio. Ili umpate mzima, pamoja na anga kidogo juu ya mgongo wake, unahitaji lenzi ya takriban milimita 200, ambayo katika umbali huo huona eneo la mita 5.4 kwa 3.6.

Mambo hugeuka tena ukiwa mpenzi wa ndege. Chiriku mwenye urefu wa sentimita 12, aliye mita 10 kutoka ulipo, atachukua moja kwa tano tu ya upana wa picha hata ukitumia lenzi ya 600. Kwa hivyo mtu anayepiga picha ndovu wa Amboseli na yule anayepiga picha ndege kandokando ya Ziwa Baringo hawafai kununua lenzi sawa, hata wakiwa na pesa sawa.

Aidha, kuna kamera zenye kihisi kidogo ambazo huipunguza zaidi pembe ya lenzi. Kwa kamera kama hizo za Nikon na Sony, lenzi ya 400 huonyesha eneo ambalo lenzi ya 600 ingeonyesha kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Kwa zile za Canon, ni kana kwamba una lenzi ya 640. Kwa mtu mwenye mfuko mwepesi, hii ndiyo njia nafuu zaidi ya kuwasogeza wanyama karibu.

MWANGA WA ALFAJIRI

Swali la pili, ambalo ndilo huzifanya lenzi nyingine ziwe ghali kupindukia, linahusu mwanga.

Kando ya milimita utaona nambari nyingine inayoanza kwa herufi f, kama vile f/4 au f/6.3. Nambari hii hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Ndiyo maana nambari ndogo huashiria tundu kubwa.

Lenzi ya 600 yenye f/4 inahitaji kipenyo cha milimita 150, ambao ni upana wa sahani ndogo. Ile ya 600 yenye f/6.3 inahitaji milimita 95 hivi. Vioo vya upana wa milimita 150 ni vigumu kutengeneza, ni vizito, na hapo ndipo pesa za mnunuzi huishia.

Faida yake ni ipi? Lenzi ya f/4 hupitisha mwanga takriban mara mbili na nusu kuliko ya f/6.3. Iwapo ya kwanza inakuruhusu kupiga picha kwa kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, ya pili itakulazimu uteremke hadi sehemu moja ya 400, au uiongezee kamera wepesi wa kuhisi mwanga, yaani ISO, na kukubali chembechembe zinazoparuza picha.

Malango ya mbuga zetu nyingi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa ya kwanza baada ya kufunguliwa na saa ya mwisho kabla ya kufungwa ndizo simba, chui na fisi huwa katika harakati, na ndizo mwanga huwa haba. Duma anayekimbia huhitaji kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde au zaidi. Simba anayetembea polepole anaweza kuridhika na sehemu moja ya 500.

Hata hivyo, pengo hili limepungua mno ikilinganishwa na enzi za filamu. Kamera za kisasa hustahimili ISO ya juu ambayo zamani ingeiharibu picha kabisa, na zipo programu za kompyuta zinazosafisha chembechembe bila kufuta manyoya ya mnyama. Picha ambayo itachapishwa katika safu mbili za gazeti, au kutazamwa kwenye simu, haitaonyesha tofauti kubwa kati ya lenzi ya Sh1.7 milioni na ile ya Sh250,000.

Kuna pia kifaa kidogo cha kurefusha lenzi, ambacho hufungwa kati ya lenzi na kamera. Kile cha mara 1.4 huigeuza lenzi ya 600 kuwa ya 840, na kile cha mara mbili huifanya ya 1,200. Lakini hakuna cha bure duniani. Cha kwanza hukunyang’anya nusu ya mwanga na cha pili robo tatu. Lenzi ya f/4 inaweza kuvumilia hasara hiyo kwa kuwa itabaki na f/5.6. Ile ya f/6.3 itashuka hadi f/9, na alfajiri hiyo huwa ni kama kuvaa miwani ya jua usiku.

MZIGO NA MAHALI PA KUUWEKA

Swali la tatu ni lile ambalo wauzaji hawaligusii: utaishikilia vipi?

Lenzi ya Canon ya 600 f/4 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na uzani wa kilo 5.36, yaani zaidi ya pakiti mbili na nusu za unga wa kilo mbili. Toleo la pili lilipunguzwa hadi kilo 3.92, na la tatu, la mwaka 2018, hadi kilo 3.05. Sony nayo ilitoa ya kilo 3.04 mwaka 2019. Ukikuta lenzi ya aina hii iliyotumika ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, uliza kwanza ni ya toleo lipi, maana aghalabu bei nafuu hulipwa na bega.

Kwa upande mwingine, lenzi za kubadili urefu, ambazo vijana huziita zumu, kama zile za 150 hadi 600 za Sigma na Tamron au ya 180 hadi 600 ya Nikon, nyingi huwa na uzani wa kilo mbili hivi. Hiyo ni pakiti moja ya unga, mzigo ambao mtu mzima anaweza kuuinua mara nyingi kwa siku.

Katika mbuga zetu mgeni hutakiwa kubaki ndani ya gari isipokuwa mahali palipotengwa. Kwa sababu hiyo kigoda cha miguu mitatu, ambacho wengi hukinunua pamoja na lenzi, hakina nafasi ya kusimama. Kinachofaa ni mfuko wa kitambaa kigumu uliojazwa maharagwe au mchele, unaowekwa kwenye dirisha au ukingoni mwa paa lililoinuliwa. Lenzi hutulia juu yake, nayo gharama haizidi ya mlo wa familia.

Jambo jingine ni kuzima injini. Mngurumo wa gari hupita kwenye bati hadi kwenye lenzi, na kwa urefu wa 600 kila mtikisiko hukuzwa pamoja na mnyama. Lenzi nyingi za kisasa zina mtambo wa kutuliza mtikisiko, lakini ieleweke kwamba mtambo huo hutuliza mkono wako tu. Hauwezi kumtuliza swara anayeruka.

Tena, mnyama hakai mahali pamoja akikungoja. Chui aliyekuwa juu ya mti mita 60 kutoka kwenye gari anaweza kuteremka na kupita karibu na gurudumu. Mwenye lenzi ya urefu mmoja wa 600 atabaki akipiga picha ya madoadoa, ilhali mwenye zumu atairudisha hadi 180 na kuendelea na kazi. Kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la Amboseli ni kuualika mchanga ndani ya kamera.

HEWA HAISHINDWI NA KIOO

Kuna kikwazo ambacho hakuna pesa iwezayo kukiondoa. Jua linapopanda, ardhi hupata joto na hewa iliyo juu yake huanza kucheza. Ukimtazama twiga aliye mita 300 kupitia lenzi ndefu saa sita mchana, utaona miguu yake ikipindapinda kama iliyo ndani ya maji.

Wengi hudhani lenzi yao imeharibika, wakairejesha dukani au wakanunua nyingine ndefu zaidi. Lenzi ndefu zaidi hukuza vurugu hiyo ya hewa pamoja na mnyama. Dawa yake ni kuwahi asubuhi, kungoja jioni, au kumtafuta mnyama aliye karibu zaidi.

FAIDA KWA MNYAMA

Baada ya kusema haya yote, sitaki msomaji adhani kwamba lenzi ndefu ni anasa tupu. Ina faida moja kubwa ambayo haihusu uzuri wa picha.

Picha ambayo lenzi ya 300 itaipata ukiwa mita 15 kutoka kwa mnyama, lenzi ya 600 itaipata ukiwa mita 30. Urefu maradufu hukupa umbali maradufu, na umbali huo ni amani ya mnyama.

Utafiti ulioongozwa na Femke Broekhuis kuhusu duma wa Maasai Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulibainisha kwamba katika maeneo yenye watalii wengi duma jike alifaulu kulea kwa wastani watoto 0.2 tu kwa kila uzao hadi wakajitegemea. Katika maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Kila gari linalomzingira duma anayewinda laweza kumkosesha mlo, na mlo ukikosekana wanaotangulia kufa ni wadogo.

Ndiyo sababu kanuni za Mara huruhusu magari yasiyozidi matano kwa wakati mmoja penye mnyama kama huyo. Hata hivyo, yeyote aliyezuru huko msimu wa nyumbu kuhama anajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa. Mnamo 2025 video zilizopigwa upande wa Serengeti, Tanzania, zilienea zikionyesha watalii walioshuka kwenye magari na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka mto. Wengi wao walikuwa wameinua kamera na simu.

Dereva ndiye huamua gari lisimame wapi. Nilimwambia mpwa wangu kwamba iwapo lenzi yake mpya itamfanya asimame mbali kidogo na kuwashawishi wageni wake watulie, basi hiyo ni sababu njema ya kuinunua kuliko ndoto ya kuona jina lake gazetini.

Wala asifikiri kwamba bila lenzi ndefu hakuna picha. Mpiga picha Nick Brandt, Mwingereza ambaye kitabu chake On This Earth kilitoka mwaka 2005, alipata sifa kote duniani kwa picha za ndovu na simba wa Afrika Mashariki alizozipiga kwa kamera ya filamu ya Pentax 67 bila kutumia lenzi ya masafa marefu. Alichotumia kwa wingi ni muda wa kuwangoja wanyama hadi wazoee kuwapo kwake.

HESABU YA MFUKO

Sasa tuje kwenye pesa. Bei zifuatazo ni zile za Marekani wakati lenzi hizo zilipozinduliwa, nazo nimezibadilisha kwa takriban Sh130 kwa dola. Mnunuzi wa Kenya ataongeza ushuru na faida ya muuzaji.

Lenzi za 600 f/4 zilizotolewa na kampuni kubwa tangu 2019 ziliuzwa kati ya dola 13,000 na 15,500, yaani Sh1.7 milioni hadi Sh2 milioni. Hizi zinamfaa mtu ambaye tayari anaishi kwa kuuza picha, na ambaye picha moja ya alfajiri yaweza kumrejeshea gharama.

Katikati kuna lenzi nyepesi za urefu mmoja, kama ile ya Nikon ya 500 f/5.6 ya mwaka 2018, yenye uzani wa chini ya kilo moja na nusu na bei ya dola 3,600, takriban Sh470,000. Inamfaa anayetembea kwa miguu akifuata ndege.

Zumu ya Sony ya 200 hadi 600 ya mwaka 2019 ilianza kwa dola 2,000, yaani Sh260,000, na ya Nikon ya 180 hadi 600 ya mwaka 2023 kwa dola 1,700, yaani Sh221,000. Kwa dereva na kiongozi wa watalii anayeanza, kundi hili ndilo lenye busara. Canon pia ilitoa mwaka 2020 lenzi ya 600 f/11 yenye uzani wa chini ya kilo moja kwa dola 700, yaani Sh91,000. Inafanya kazi vyema jua likiwaka, lakini alfajiri itakuangusha.

Anayenunua iliyotumika achukue kurunzi na kumulika ndani ya vioo. Nyuzinyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida kwa lenzi zilizokaa mahali penye unyevunyevu kama pwani. Aijaribu kwenye kamera yake mwenyewe, alenge kitu cha karibu kisha cha mbali, na asikilize kama mtambo wa ndani unakwaruza.

Aulize vilevile kuhusu mdomo wa kufungia. Lenzi za Canon na Nikon zilizoundiwa kamera za zamani zenye kioo huweza kufungwa kwenye kamera zao mpya zisizo na kioo kwa kutumia adapta, ingawa baadhi ya zile kongwe za Nikon hazitajilenga zenyewe. Lenzi za kamera mpya haziwezi kufungwa kwenye kamera za zamani. Wapo waliogundua hilo wakiwa wamekwisha kulipa.

La muhimu kuliko yote, mtu akodishe kabla ya kununua. Mtaka nyingi nasaba hupata mwingi msiba, na lenzi kubwa isiyobebwa ni msiba wa kila mwezi makato yanapofika.

Mpwa wangu alilitii hilo. Alikodi zumu ya 150 hadi 600 kwa siku mbili, akaenda nayo kazini, kisha akarudi kwangu na kompyuta. Picha ya kidijitali huhifadhi ndani yake urefu wa lenzi uliotumika, kwa hivyo tulipitia moja baada ya nyingine. Nyingi ya zile zilizotupendeza sote wawili zilikuwa kati ya 300 na 500. Za 600 zilizofaa zilikuwa za ndege na za chui mmoja mtini. Zile za 600 alizozipiga adhuhuri zilikuwa zimechezewa na hewa, akazifuta mwenyewe bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata alijaza fomu nyingine ya mkopo, mdogo kuliko moja kwa tano ya ule wa kwanza, na dada yangu akaitia sahihi. Picha ya kwanza aliyoniletea kwa lenzi yake mwenyewe ni ya fisi anayewavusha watoto wake kijito, gari likiwa limezimwa ng’ambo ya pili. Sikumwahidi kwamba itachapishwa. Nimeiweka kwenye foleni pamoja na za wengine.